Wanachama Wamejaa Daftarini, Kazini Hakuna Mtu: Mwongozo Kamili wa Kuwarudisha Madaktari Ndani ya Chama Chao

Makatibu wa vyama vya kitaaluma huuliza swali moja kwa sura nyingi: tumetuma matangazo, tumebadilisha ukumbi, tumeleta mzungumzaji mashuhuri, mbona wanakuja walewale? Tangazo linaingia kwenye kundi la WhatsApp, dole gumba zinamiminika, halafu siku ya mkutano wanafika wajumbe wa kamati tendaji na wawili watatu waliokuwa karibu. Baada ya hapo huanza lawama. Vijana hawajitolei. Madaktari bingwa wanajali kliniki zao binafsi tu.

Sikubaliani na lawama hizo. Wanachama wengi hawajakigomea chama. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaomba jambo linaloeleweka, kwa majina yao, lenye mwanzo na mwisho. Wameombwa "kushiriki", na kushiriki ni kitu ambacho mtu hawezi kukipangia saa kati ya zamu ya usiku na kliniki ya asubuhi. Hatua zote zilizo hapa chini zinazunguka hoja hiyo moja.

Nimeandika nikiwalenga madaktari. Wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara wanaweza kuutumia mwongozo huu kwa kubadilisha majina ya vyeo tu.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Daftari la wanachama, hata kama lina namba zilizokufa. Tutalisafisha.
- Katiba ya chama na kanuni zake. Soma vifungu vya akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji ili mkutano uwe halali), upigaji kura, uundaji wa kamati ndogo na ukomo wa uongozi. Mipango mingi mizuri hukwama kwa sababu kuna kifungu ambacho hakuna aliyekisoma.
- Watu 3 wa kusukuma kazi. Mmoja awe hajawahi kushika cheo chamani, na mwingine awe bado yuko mafunzoni au ana miaka michache kazini.
- Kalenda ya mwaka yenye miezi ya mitihani, likizo, na siku za kubadilishana zamu katika hospitali wanakotoka wanachama wengi.
- Namba ya simu ya chama, tofauti na ya katibu. Katibu akimaliza muda wake, mawasiliano yabaki.
- Fedha kidogo ya muda wa maongezi na intaneti. Ya ukumbi na chakula iache kwanza.
- Miezi 6. Anayetaka ukumbi ujae mwezi ujao atafute msanii.

## Hatua ya 1: Safisha daftari

Fungua jedwali kwenye kompyuta, kila mwanachama mstari wake. Weka jina, kituo cha kazi, ngazi ya taaluma, mwaka aliojiunga, mawasiliano na hali ya ada. Kisha ongeza safu moja ambayo vyama vingi havina: *alichofanya mara ya mwisho*. Hapo andika vitendo. Aliwasilisha kisa cha mgonjwa, alisimamia kura, alipitia rasimu ya mwongozo wa tiba, alimpokea daktari mgeni kituoni.

Kulipa ada hakuingii kwenye safu hiyo, na kuhudhuria hakuingii. Aliyelipa huenda anakatwa moja kwa moja kwenye mshahara na amekwisha kusahau. Aliyehudhuria huenda alifuata pointi za mafunzo endelevu ili leseni yake ihuishwe. Wote wawili wako sawa, ila hawakuambii ni nani ukimpigia simu kesho atainua mkono.

Ukimaliza, utaona makundi manne yakijitokeza yenyewe: wanaofanya, wanaofuatilia kwa mbali, waliopotea, na wapya wasiotimiza mwaka.

Tahadhari: taarifa za ada na namba za simu ni siri ya mwanachama. Usibandike orodha ya wadaiwa kwenye kundi hata mara moja. Mtu aliyeaibishwa mbele ya wenzake wa taaluma harudi, na rafiki zake hukumbuka.

Utajua umefanikiwa ukiweza kujibu papo hapo: wangapi wako nje ya miji mikubwa, wangapi hawajafikisha miaka 5 kazini, na wangapi walifanya jambo lolote mwaka uliopita. Hiyo idadi ya mwisho mara nyingi hushtua. Iandike pembeni, maana ndiyo utakayojipimia.

## Hatua ya 2: Piga simu, dodoso liache

Dodoso hujazwa na aina mbili za watu: wanaokipenda chama na wenye hasira nacho. Unayemtafuta ni wa katikati, ambaye akipata kiungo chako hukipita.

Chagua watu kama 20 kutoka makundi yote. Usimkose aliyewahi kuwa kiongozi akajitoa kimyakimya, aliyeacha kulipa bila kugombana na mtu, daktari aliye peke yake katika hospitali ndogo, na mama mwenye mtoto mchanga ambaye mikutano ya saa 12 jioni imemfungia mlango. Watumie ujumbe mfupi kwanza: "Naomba dakika 10 za simu. Ni lini hauko zamu?"

Maswali ni matatu tu:

1. Mara ya mwisho chama kilikufaa katika jambo gani?
2. Kazini kuna jambo gani linakusumbua ambalo huwezi kulitatua peke yako?
3. Nikikuomba jambo moja dogo, ungependa liwe la aina gani?

Swali la kwanza mara nyingi hufuatiwa na ukimya. Usiujaze. Viongozi wengi wakisikia ukimya huo huanza kuhesabu mafanikio ya chama tangu kuanzishwa kwake, na simu inakuwa imekwisha hapo ingawa watu bado wanaongea. Subiri. Ndipo huja jibu lenyewe: "Ukweli, Dokta, sijui hata chama kinafanya nini." Au: "Niliitwa kujieleza mbele ya kamati ya nidhamu, nikapiga simu chamani, haikupokelewa." Sema, "Asante, naandika," na uandike kweli, kwa maneno yake mwenyewe. Kutetea chama kuna siku yake, na si leo.

Tahadhari: simu hii isigeuke kuwa ya kudai ada. Ukidai hata kwa utani, anayefuata kwenye orodha yako atakuwa ameshaonywa.

Utajua umefanikiwa malalamiko yakianza kujirudia. Simu 3 mfululizo zisipokuletea jambo jipya, inatosha.

## Hatua ya 3: Chagua jambo moja la kurekebisha

Ulichoandika kitaangukia kwenye vikapu vitatu. Kuna wanaotaka kulindwa: mikataba, zamu zisizo na mwisho, malalamiko ya wagonjwa yaliyofika mbali. Kuna wanaotaka kujifunza na kupata pointi. Na kuna ambao hawatasema wazi, lakini wanachotaka ni kutokuwa peke yao.

Hapa lazima uondoe mkanganyiko mmoja. Wanachama wengi hawatofautishi chama na baraza la usajili. Baraza husajili, huhuisha leseni na huadhibu, na kazi yake ni kumlinda mgonjwa na jamii. Chama ni cha wanataaluma wenyewe. Uingereza mambo hayo yametenganishwa wazi: General Medical Council ndilo linalosajili, British Medical Association ndicho chama cha madaktari. Mwanachama anayedhani chama ni baraza atakikwepa kama anavyokwepa ukaguzi.

Kisha chagua jambo moja, mawili ni mengi. Liwe linawagusa watu wengi, liko ndani ya uwezo wenu bila kusubiri serikali, na matokeo yake yaonekane ndani ya miezi 3. Kupandisha mishahara hakufai kuwa jambo la kwanza, hata kama ndilo lililotajwa zaidi, kwa sababu mkishindwa mtakuwa mmethibitisha kile ambacho wanachama walikuwa wanakihofia. Namba ya simu inayopokelewa kweli na mtu anayejua taratibu za nidhamu, kwa daktari aliyeandikiwa barua ya kujieleza, inafaa. Ratiba ya vikao vya kujadili visa vya wagonjwa, vinavyotambuliwa kwa pointi, nayo inafaa.

## Hatua ya 4: Kata kazi vipande vidogo

Mwaka 1913 mhandisi wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba watu wakivuta kamba kwa pamoja, nguvu anayotoa kila mmoja hupungua kadiri kundi linavyoongezeka. Kamati ya watu 15 iliyopewa "maandalizi ya kongamano" inafanya hivyo hivyo. Kazi inavutwa na wawili, 13 wameshika kamba.

Chukua jambo mlilochagua, liandike upya kama orodha ya kazi ambazo kila moja ina mtu mmoja na siku ya mwisho. Panga kwa muda zinaochukua:

- Nusu saa: kupitia ukurasa mmoja, kuhakiki namba za simu za kituo kimoja, kumpigia mwanachama mpya mmoja.
- Saa 2 hadi 3: kuwasilisha kisa, kuandika muhtasari wa kikao, kuongoza mjadala.
- Mwezi mmoja: kupokea simu za msaada kwa zamu, kuratibu vikao vya mwezi huo.

Kazi isiyo na tarehe ya kwisha usiiweke. Daktari anaogopa kuingia mahali ambapo hakuna mlango wa kutokea, na ana haki. Azimio la Geneva, kiapo cha Chama cha Madaktari Duniani, liliporekebishwa mwaka 2017 liliongezewa ahadi ya daktari kujali afya na ustawi wake mwenyewe. Chama kinachomchosha mwanachama aliyekwisha kuchoka kinapingana na kiapo chake.

Tahadhari: wadogo wasibaki na kazi za kupanga viti na kupokea wageni huku wakubwa wakikaa meza ya mbele. Katika vipande vya kazi yenye heshima, kama kuwasilisha, kuamua au kuandika kwa jina la chama, angalau theluthi moja viende kwa wenye chini ya miaka 5 kazini. Hii ni kanuni yangu tu, hutaikuta katika katiba yoyote. Ila ukiifuata, umri wa wanaofanya kazi za chama utabadilika bila hotuba.

## Hatua ya 5: Omba mtu mmoja mmoja

Hapa ndipo wengi hufeli, na hapa ndipo ningekushauri utumie nguvu zako nyingi.

Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio ambalo daktari yeyote atalielewa upesi. Mshiriki alisikia kupitia vifaa vya sauti mtu akipatwa na kifafa. Alipoamini kwamba ni yeye peke yake anayesikia, 85% walitoka kutafuta msaada kabla sauti ile haijakatika. Alipoamini kuwa wapo wengine wanne wanaosikia, walitoka 31%. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alidhani mwingine ameshakwenda.

Kundi lenu la WhatsApp lina mamia ya "wengine". Ukiandika humo "Ndugu wanachama, tunaomba mjitokeze kwa wingi kusaidia maandalizi," umewaomba wote, na kwa hiyo hujamwomba yeyote.

Linganisha na ujumbe huu, uliotumwa kwa mtu mmoja:

> "Habari za kazi, Dokta. Nakumbuka ulivyoeleza kuhusu kutokwa damu baada ya kujifungua kwenye kikao cha kliniki, wengi walikuelewa. Tunaandaa kikao cha mtandaoni kwa madaktari wa hospitali ndogo. Tuna visa viwili, na tunahitaji mtu avipitie aone kama utambulisho wa mgonjwa umeondolewa wote. Ni kazi ya nusu saa, mwisho Alhamisi jioni. Naomba uwe wewe. Ukiwa na zamu ngumu wiki hii niambie bila wasiwasi, nitakutafuta mwezi ujao."

Ujumbe huu unaonyesha kwamba umemwona. Unataja kazi na muda wake. Unataja siku, na unamwachia njia ya kukataa bila kuona haya. Ukiondoa hata kimoja, majibu hupungua. Cha kwanza ndicho kigumu kughushi, na ndiyo maana tulianza na daftari.

Kwa wakubwa, ujumbe wa simu hautoshi. Profesa aliyewafundisha nusu ya wanachama apigiwe, au aendewe ofisini, na mazungumzo yaanze na "Shikamoo Profesa" na habari za nyumbani kabla ya kufika kwenye haja. Mwombe kitu kinacholingana na alichonacho: dakika 10 za mwisho katika kikao, au barua moja yenye sahihi yake. Usimwombe awe "mlezi wa kamati", cheo ambacho hakimpi la kufanya.

Akikataa, shukuru kwa sentensi moja na uandike kwenye jedwali tarehe ya kumrudia. Kumkumbusha kwamba "chama ni chetu sote" ni kumlaumu kwa sauti ya upole, naye atasikia lawama hiyo vizuri kabisa.

Akikubali na kumaliza, mrudie ndani ya siku moja umweleze kilichotokana na kazi yake. "Asante kwa mchango wako" haitoshi. Sema, "Ulikuta jina la kijiji kwenye kisa cha pili, tumelifuta. Tungekipeleka hivyo hivyo tungemfichua mama wa watu." Mtu aliyeona alama ya mkono wake hurudi.

Utajua umefanikiwa wakianza kukuuliza wenyewe: "Mwezi ujao mna nini?"

## Hatua ya 6: Anzisha kikao cha kisa kigumu

Kama ningeruhusiwa kukiachia chama shughuli moja tu, ningekiachia hii. Inagusa vikapu viwili kwa mpigo, kujifunza na kutokuwa peke yako, na haihitaji ukumbi.

Mfano wake unajulikana. Mwaka 2003 Dk. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alianzisha Project ECHO baada ya kuona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakisafiri mbali na kusubiri muda mrefu kumwona bingwa. Badala ya kuwahamisha wagonjwa, aliwakutanisha kwa video madaktari wa vituo vya pembezoni na mabingwa, wakajadili visa vyao halisi kila wiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliotibiwa katika vituo hivyo walipona kwa 58.2%, na waliotibiwa kliniki ya chuo kikuu 57.5%. Karibu sawasawa.

Endesha kikao cha dakika 60 hivi:

Dakika 5 za mwanzo. Mwongozaji anakumbusha masharti: hakuna jina la mgonjwa, namba ya faili, kijiji wala picha ya uso. Hakuna kurekodi bila ridhaa.

Dakika 10. Daktari wa kituo kidogo anaeleza kisa na kumalizia kwa swali moja. Asiye na swali hana kisa, ana hadithi.

Dakika 10. Maswali ya ufafanuzi tu. Anayeanza kushauri arudishwe kwa upole.

Dakika 20. Ushauri, kwa mpangilio huu: daktari aliye mafunzoni kwanza, kisha madaktari wa kawaida. Bingwa anasubiri. Sababu yake ni rahisi: bingwa akishatamka, hakuna kijana atakayesema tofauti, na mnakuwa mmepata mhadhara mwingine.

Dakika 10. Bingwa anaongea. Atakuwa amesikia vijana wanapokosea na wanapopatia, kwa hiyo atasema yanayohitajika tu.

Dakika 5. Aliyeleta kisa anasema atafanya nini kesho asubuhi. Kikao kijacho kianze na matokeo ya hicho alichosema.

Tahadhari mbili. Kwanza, bingwa anayemdhihaki mwasilishaji ataua vikao vyote vitakavyofuata. Zungumza naye faragha kabla, hata kama ni mwalimu wako. Pili, kampuni za dawa zitajitolea kufadhili. Mkiamua kupokea, fedha ziingie kwenye akaunti ya chama na zitangazwe, na kampuni isichague mada wala mzungumzaji. Madaktari wananusa tangazo lililovishwa joho la elimu, nao huacha kuja bila kusema kwa nini.

Pointi zitambuliwe na chombo kinachohusika kabla ya kikao cha kwanza. Ukiahidi pointi zikakosekana, mtalipia mwaka mzima.

Utajua umefanikiwa mwasilishaji akirudi wiki zinazofuata kuwasikiliza wengine wakati yeye hana kisa.

## Hatua ya 7: Punguza mikutano, ipe kazi ya kuamua

Kwa kila ajenda uliza: je, hapa kuna uamuzi? Kama ni taarifa tu, itume kwa maandishi na uiondoe. Mkutano wenye maamuzi 3 humalizika ndani ya saa moja, na watu huondoka wakijua kwa nini walikuja.

Badilisha saa. Mkutano ukiwa jioni mwezi huu, ujao uwe mchana wa Jumamosi, la sivyo zamu ileile itakosa kila mara. Kwa mkutano mkuu wa mwaka, angalia kama katiba inaruhusu kuhudhuria na kupiga kura kwa mtandao. Isiporuhusu, hilo liwe pendekezo lenu la kwanza la marekebisho. Usiendeshe kura ya mtandaoni kwa kudhani hakuna atakayelalamika. Aliyeshindwa uchaguzi husoma katiba kuliko wote.

## Hatua ya 8: Tenganisha matangazo na mazungumzo

Kundi moja linalobeba tanzia, matokeo ya mpira, nafasi za kazi na ajenda ya mkutano halisomwi. Fungua njia mbili: moja ya matangazo, ambamo viongozi tu huandika, ujumbe usizidi mmoja au miwili kwa wiki, na nyingine ya mazungumzo. Katika ya pili, piga marufuku picha na taarifa zinazoweza kumtambulisha mgonjwa, na umteue mtu wa kuzifuta mara moja. Simu hupotea, na picha za skrini husafiri.

Usiwahukumu walio kimya. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni takriban 90% husoma tu, 9% huchangia mara mojamoja, na 1% ndio hubeba karibu yote. Walio kimya wanasoma. Utawapata kwa hatua ya 5.

## Hatua ya 9: Rudisha taarifa kila mwezi

Ukurasa mmoja, siku ileile kila mwezi, vichwa vinne: mlituambia nini, tumefanya nini, tumeshindwa nini na kwa sababu gani, fedha iliyoingia na iliyotoka.

Kichwa cha tatu ndicho kinachojenga imani, nacho ndicho mwenyekiti atataka kifutwe. Kishikilie. Cha nne kiwe na takwimu halisi za akaunti, hata kama ni ndogo, maana palipo kimya kuhusu fedha watu hujaza wenyewe. Mweka hazina akisema hesabu hazijawa tayari, andika hivyo hivyo: hazijawa tayari, na zitatoka tarehe fulani.

## Hatua ya 10: Wapokee wapya, waandae wa kupokea kijiti

Mwanachama mpya apigiwe simu ndani ya wiki ya kwanza na mtu wa rika lake au kituo chake, mtu asiye kiongozi. Ndani ya siku 30 apewe kazi moja ya nusu saa. Vyama vingi humpa risiti na nakala ya katiba, kisha humtafuta mwaka unaofuata wakati wa ada.

Kila mwenye kazi ya mwezi awe na mwenzake anayejifunza kando yake na atakayeishika mwezi unaofuata. Viongozi hali kadhalika. Katibu mwenye bidii aliyekaa miaka 10 ni hasara inayofanana na faida, kwa kuwa chama kizima kimesahau namna ya kufanya kazi bila yeye.

## Kupima maendeleo

Hesabu mambo matatu kila robo mwaka: watu wangapi wamefanya kazi ya chama kwa mara ya kwanza, wangapi wamefanya kwa mara ya pili, na wangapi kati yao wanatoka nje ya hospitali kubwa. Idadi ya pili ndiyo muhimu kuliko zote. Wengi wakifanya mara moja na kutoweka, kasoro iko kwenye hatua ya 5, kwenye ule mrejesho wa baada ya kazi. Wachache wakianza lakini wanarudi, ongeza tu idadi ya maombi.

## Ukikwama

Wanakubali, kisha hawafanyi. Kazi ni kubwa mno au tarehe iko mbali. Ikate katikati, siku ya mwisho iwe ndani ya wiki moja.

Kamati tendaji inaona unaipora madaraka. Waoneshe orodha ya kazi kabla ya kuomba mtu yeyote, na kila mjumbe akabidhiwe watu wawili wa kuwaomba yeye mwenyewe. Atakayewapata atakitetea alichokianzisha.

Kuna makundi mawili yanayovutana tangu uchaguzi uliopita. Usiitishe kikao cha maridhiano. Oanisha watu wa pande mbili kwenye kazi ndogo yenye mgonjwa ndani yake, kama kuandaa kisa kimoja. Wakishindwa hata hapo, watenganishe na uendelee na wengine.

Simu za hatua ya 2 zimeleta malalamiko mazito, kwa mfano unyanyasaji wa kingono kituoni au daktari anayezungumzia kujidhuru. Hilo haliingii kwenye jedwali la ushirikishwaji. Simamisha zoezi kwa mtu huyo. Kwa anayezungumzia kujidhuru, usikate simu bila kujua yuko wapi na nani yuko naye, na mfikishe kwa mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo. Kwa unyanyasaji, ongozana na mhusika, kwa ridhaa yake, hadi kwenye chombo chenye mamlaka. Namba za vyombo hivyo ziwe mezani kabla hujapiga simu ya kwanza.